Jinsi Kichina kilivyojiundia viunganishi vya masharti

KILA lugha ina namna yake ya kueleza jambo ambalo bado halijatukia, au ambalo halitatukia kamwe. Msemaji wa Kiswahili hupachika "-ki-", "-nge-" au "-ngali-" ndani ya kitenzi, na msikilizaji akatambua papo hapo kwamba pana sharti. Je, hufanyaje lugha ambayo vitenzi vyake havipokei viambishi vya aina hiyo?

Kichina ni mojawapo ya lugha hizo. Tangu mwaka wa 2005, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua Taasisi ya Confucius, ya kwanza barani Afrika, Wakenya wamekuwa wakijifunza lugha hiyo humu nchini. Anayetafuta kiambishi kinacholingana na "-nge-" hatakipata. Atakachopata ni historia ndefu ya maneno ya kawaida yaliyogeuzwa kuwa viunganishi. Maneno hayo yameandikwa hapa kwa hati za Kilatini, bila alama za toni.

Njia kongwe zaidi ni kuweka vishazi viwili sambamba bila kiunganishi chochote. Hata leo Mchina husema "Xia yu, wo bu qu", yaani neno kwa neno, "Kunyesha mvua, mimi si kwenda". Maana yake ni "Mvua ikinyesha, sitakwenda". Mpangilio ndio unaobeba sharti: kinachotangulia ni sababu, kinachofuata ni tokeo. Methali zetu nazo huijua njia hii. Tunaposema "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", hatuhitaji neno "ikiwa" ili tueleweke.

Hata hivyo, kufikia zama za Confucius, aliyeishi kati ya mwaka wa 551 na 479 Kabla ya Kristo, Kichina cha maandishi kilikuwa na viunganishi kadhaa vya masharti. Miongoni mwavyo ni "ru" na "ruo", ambavyo pia vilimaanisha "fanana na". Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa neno letu "kama" hufanya kazi zizo hizo mbili: "mrefu kama mnazi" na "kama atakuja". Kukisia jambo ni kulifananisha na kweli.

Kiunganishi kingine kilikuwa "shi", kitenzi chenye maana ya kutuma au kusababisha. Kutoka "fanya iwe hivi" hadi "ikiwa ni hivi" ni hatua fupi. Kishazi cha pili nacho kilitanguliwa na neno "ze", lililotenda kazi ya "basi". Neno hilo lingali linatumika katika maandishi rasmi.

Baadaye, kadiri maneno ya silabi mbili yalivyozidi kuenea katika Kichina, viunganishi hivyo vilianza kuambatanishwa. "Jia", lenye maana ya kuazima na pia ya kitu kisicho halisi, liliungana na "shi" likazaa "jiashi", yaani "tuseme kwamba". "Ru" nalo liliungana na "guo", lenye maana ya tunda na pia "kwa hakika", likazaa "ruguo". Hiki ndicho kiunganishi cha masharti ambacho mwanafunzi wa leo hukutana nacho mapema.

Lugha ya mazungumzo ilifuata mkondo wake. Kitenzi "yao", maana yake "taka", kilizaa "yaoshi", ambalo pia ni "ikiwa". Fauka ya hayo, maneno "de hua" huwekwa mwishoni mwa kishazi cha sharti. "Hua" ni usemi au maneno, kwa hivyo "ni qu de hua" ni kana kwamba mtu amesema, "tukizungumzia kwenda kwako". Nafasi ya "ze" katika mazungumzo ilitwaliwa na "jiu", ambalo awali lilikuwa kitenzi cha kusogelea kitu.

Karne ya 20 ilileta badiliko jingine. Kwa desturi, kishazi cha sharti hutangulia katika Kichina. Mwanaisimu Wang Li, katika maandishi yake ya miaka ya 1940, alieleza kwamba mtindo wa kukiweka nyuma ya kishazi kikuu ulichochewa na lugha za Ulaya.

Lakini suala lililozua mjadala mkali zaidi ni la masharti yasiyowezekana tena, yale tunayoyaeleza kwa "-ngali-". Mnamo 1981, mwanasaikolojia Mmarekani Alfred Bloom alidai katika kitabu chake kwamba, kwa kuwa Kichina hakina alama maalumu ya masharti hayo, wasemaji wake hupata ugumu kuyafikiria mambo yaliyo kinyume cha hali halisi. Yalikuwa madai mazito, kwani yalipima akili za watu kwa kipimo cha sarufi yao.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1983, mtafiti Terry Au aliyapinga. Alionyesha kwamba hadithi ikiandikwa kwa Kichina fasaha, wasomaji Wachina huielewa vyema. Kasoro ilikuwa katika matini yaliyotumiwa kuwapima, wala si katika fikra zao.

Isitoshe, Kichina kina njia zake za kueleza majuto. Mtu husema "zao zhidao", yaani "mapema kujua". "Zao zhidao xia yu, wo jiu bu lai le" ni sawa na "Ningalijua kwamba mvua ingenyesha, nisingalikuja". Pia lipo neno "yaobushi", yaani "kama si", ambalo hutaja jambo lililokwisha kutukia na kuzuia jingine.

Kiswahili kiliazima "lau" na "laiti" kutoka Kiarabu. Kichina kilitumia malighafi yake chenyewe: fanana, tuma, taka, usemi. Anayeitafuta "-ngali-" ya Kichina ndani ya kitenzi ataondoka mikono mitupu na huenda akadhani haipo. Akisikiliza sentensi nzima, ataiona.