Vilima vya Barolo na Mzabibu wa Nebbiolo

Vilima hivi vya Langhe, katika jimbo la Piemonte, kaskazini magharibi ya Italia, ndivyo asili ya mvinyo mwekundu uitwao Barolo, ambao kwa mujibu wa sheria hautengenezwi ila kwa zabibu za Nebbiolo pekee, tena zilizovunwa ndani ya mipaka ya vijiji 11, vikiwamo Barolo chenyewe, La Morra na Serralunga d'Alba. Nebbiolo ni mzabibu wenye taabu: huchipua mapema, hukawia kuiva hata Oktoba, wala haustawi ila kwenye mteremko upatao jua la kutosha, ndiyo sababu kanuni zikaharimisha kuupanda mabondeni na katika miteremko iliyoelekea kaskazini moja kwa moja. Upande wa La Morra, penye udongo wa mfinyanzi na chokaa wenye rangi ya samawati, mvinyo hutoka laini na wenye kunukia; upande wa Serralunga, penye mawe ya mchanga, hutoka mkali, wa kungojewa miaka mingi, na hapo ndipo subira hulipwa kwa ukarimu zaidi.

Serikali iliupa mvinyo wa Barolo idhini rasmi mwaka 1966, na daraja ya juu kabisa, iitwayo DOCG, mwaka 1980. Hauuzwi kabla ya kutimiza miezi 38, ambayo 18 kati yake ni ndani ya mapipa ya mbao. Ule wa Riserva hungoja 62. Mwaka 2014 UNESCO iliviingiza vilima hivi katika urithi wa dunia, pamoja na kasri ya kijiji cha Grinzane Cavour, alikoishi mwanasiasa Camillo Benso di Cavour alipokuwa meya wa kijiji hicho.