Jinsi ya Kushinda Usahaulifu

Mtu ajifunzaye Kijapani ana kazi kubwa mbele yake, maana herufi zilizowekwa na serikali ya Japani mwaka 2010 kwa matumizi ya kila siku ni 2,136. Leo huzisoma, kesho zimemtoka. Atazishikaje?

Mwanzo wa jibu ulitoka Ujerumani. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Alijijaribu mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaona ya kuwa kuzirudia mara 38 katika siku tatu kwafaa sawa na kuzirudia mara 68 kwa siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza matumizi ya kadi na sanduku lenye vyumba: kadi uijuayo husogea mbele, ikangoja siku nyingi zaidi, usiyoijua hurudi chumba cha kwanza. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Polandi akaipa kompyuta kazi ya kuhesabu siku hizo. Hata mwaka 2006 Damien Elmes, aliyekuwa akijifunza Kijapani, akatoa programu yake, akaiita Anki, ndilo neno la Kijapani la kukariri.

Nasi waalimu twajifunza nini? Mara nyingi tumewakaririsha watoto somo zima siku moja, kisha tukawakemea waliposahau. Kosa lilikuwa letu. Somo la leo na tulirudie kesho, tena baada ya juma, tena baada ya mwezi.