Njia za Intaneti hadi Nyumbani: Kenya na Tanzania tangu Enzi ya Telegrafu

Historia ya intaneti ya majumbani katika Kenya na Tanzania husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza mwaka 2009, mikongo ya kwanza ya nyuzi za kioo ilipowasili Mombasa na Dar es Salaam, na kana kwamba teknolojia mpya peke yake ndiyo iliyoshusha bei na kuongeza kasi. Simulizi hilo lina ukweli, lakini halielezi kwa nini familia mbili zinazoishi katika jiji lilelile bado hupata huduma zinazotofautiana kwa bei na kwa uhakika. Mtazamo wa kipindi kirefu zaidi unaonyesha kwamba unafuu na uthabiti wa huduma vimetegemea wakati wote idadi ya njia zinazoiunganisha nyumba na ulimwengu, pamoja na idadi ya wenye mamlaka juu ya njia hizo.

Njia ya kwanza ya waya ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa mmoja. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ililaza baharini mkongo wa telegrafu, yaani mtambo wa kupeleka maandishi kwa mipigo ya umeme, kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban, na mwaka 1890 Zanzibar ikaunganishwa na Mombasa. Kwa kuwa malipo yalihesabiwa kwa neno, mawasiliano hayo yalibaki mikononi mwa maofisa wa kikoloni na wafanyabiashara wakubwa. Baada ya uhuru teknolojia ilibadilika, lakini muundo huo haukubadilika: mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, na kwa miaka mingi iliyofuata mawasiliano ya kimataifa yalibaki chini ya mashirika ya umma yasiyokuwa na mshindani.

Intaneti ilipoingia katikati ya miaka ya 1990 ilirithi muundo huohuo. Mteja wa nyumbani alihitaji simu ya mezani na modemu, yaani kifaa kinachogeuza data kuwa sauti inayoweza kupita katika waya wa shaba, naye alilipa ada kwa mtoa huduma na pia gharama ya dakika za simu. Mtoa huduma naye alilazimika kununua njia ya kimataifa kutoka kwa shirika lenye haki ya pekee, ambayo nchini Kenya ilipitia mtandao wa Jambonet ulioanzishwa mwaka 1998. Njia hiyo ilitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, umbali unaofanya ombi na jibu lake vichukue takriban nusu sekunde hata pale mitambo inapofanya kazi bila dosari, huku megabiti moja kwa sekunde ikigharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Kwa bei hizo, watu wengi waliijua intaneti katika vibanda vya kulipia kwa dakika, na ni wachache mno waliokuwa nayo nyumbani.

Hatua iliyofungua ukurasa mpya haikuhitaji mkongo wa baharini. Kabla yake, barua pepe iliyotumwa Nairobi na mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humo iliweza kusafiri hadi Ulaya au Marekani na kurudi, kwa kuwa kampuni hizo hazikuwa zimeunganishwa ndani ya nchi, na kila safari ya namna hiyo ililipiwa kwa bei ya setilaiti. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya walianzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data moja kwa moja, lakini kilifungwa baada ya muda mfupi kwa madai kwamba kilivunja haki ya pekee ya Telkom Kenya, shirika la umma la simu, na kilifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya mabishano marefu mbele ya mamlaka ya udhibiti. Dar es Salaam ilipata kituo chake mwaka 2004. Haki ya pekee ya Telkom Kenya ilikoma mwaka huohuo wa 2004, na ile ya TTCL, shirika la simu la Tanzania, mwaka 2005. Hivyo sheria ilitangulia kufungua njia, na mikongo ikafuata.

Mikongo yenyewe ilizaliwa katika ushindani. Mradi wa EASSy, uliobuniwa mwaka 2003 ili kuunganisha pwani yote kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, ulikwama katika mjadala wa nani angeruhusiwa kuutumia na kwa masharti gani, kwani wapo waliohofia kwamba makampuni wanachama yangegeuka kuwa ukiritimba mpya, yaani hali ya biashara kushikwa na wachache wasio na wa kushindana nao. Serikali ya Kenya, ikiwa imechoka kusubiri, ilianzisha mkongo wake wa TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu kwa ushirikiano na Etisalat, kampuni ya simu ya huko, na makampuni ya simu ya Kenya, na mkongo huo ukawasili Mombasa Juni 2009. Mwezi uliofuata mkongo wa kibinafsi wa SEACOM ulianza kazi, na mwaka 2010 EASSy nao ukakamilika. Bei ya jumla ya data ilishuka kwa sababu wauzaji walikuwa zaidi ya mmoja, na kila mmoja alihitaji wanunuzi.

Hata hivyo, data iliyofika ufukweni haikuwa imefika sebuleni. Tanzania ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ili kuunganisha mikoa na nchi jirani, na Kenya ikajenga mtandao wake wa taifa wa nyuzi za kioo, NOFBI, lakini kipande cha mwisho kati ya mtaa na mlango wa mteja kiliachiwa soko. Waya za shaba zilikuwa zimedhoofishwa na wizi, na kuchimba mitaro mipya kulikuwa ghali, kwa hiyo kampuni zilianzia pale ambapo wateja wengi wenye uwezo waliishi karibu karibu, hasa katika maghorofa na mitaa ya tabaka la kati ya Nairobi. Safaricom, iliyojulikana kwa simu za mkononi, iliingia rasmi katika huduma ya majumbani ya faiba, yaani nyuzi za kioo, mwaka 2017, na katika mitaa iliyofikiwa na kampuni mbili au tatu wateja walianza kupata kasi kubwa zaidi kwa malipo yaleyale. Katika mitaa iliyofikiwa na kampuni moja, au katika jengo ambalo mwenye nyumba ameruhusu waya za kampuni moja tu, ukiritimba wa zamani ulirudi kwa sura ndogo. Vijiji na miji midogo mingi ilibaki na vifurushi vya simu, ambavyo hupimwa kwa gigabaiti na huwagharimu zaidi wanaotumia kiasi kikubwa cha data, wakiwemo wanafunzi wa nyumba zisizo na uwezo. Huo ni udhalimu ambao historia hii haipaswi kuupita kimya.

Uthabiti nao ulifuata kanuni ileile. Februari 2012, siku chache baada ya mikongo kadhaa, ukiwemo wa EASSy, kukatika katika Bahari ya Shamu, nanga ya meli iliukata TEAMS karibu na Mombasa, na intaneti ya eneo zima ikazorota. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania, iliyotegemea sana mikongo hiyo miwili, ikaathirika vibaya kuliko Kenya, ambako tayari kulikuwa na njia nyingine za baharini. Kuwasili nchini Kenya mwaka 2023 kwa huduma ya Starlink, inayotumia setilaiti zilizo takriban kilomita 550 tu juu ya ardhi, kuliongeza njia ya kuifikia nyumba bila mtaro, ingawa bei ya vifaa vyake iliendelea kuwa kikwazo kwa kaya nyingi.

Karne na nusu ya historia hii inaonyesha kwamba unafuu haukuletwa na chombo kimoja kipya, wala uhakika haukupatikana kwa kukiamini chombo hicho. Vyote viwili vilikuja pale ambapo serikali ilikataa kulinda haki ya pekee, makampuni yakalazimika kukutana sokoni, na data ikapewa zaidi ya njia moja ya kupita. Kazi iliyobaki, kwa hiyo, ni ya sera kuliko ya uhandisi: kuhakikisha kwamba nguzo, mitaro na majengo vinatumiwa kwa pamoja na watoa huduma wote, ili kaya ya Mtwara au ya Turkana iwe na haki ya kuchagua ambayo kaya za mitaa michache ya Nairobi na Dar es Salaam tayari zinaifurahia.