Kabla Useme Oto Ni Wizi, Skiza Hii Historia

Wasee, leo si ile stori ya Jordan na LeBron nani mkali. Leo ni kesi. Msimu uliopita nilishinda ligi yetu ya fantasi ya NBA. Tulikuwa wasee kumi, kila mtu alitoa 500, mshindi anabeba 5,000. Nikangoja M-Pesa ilie. Badala yake mweka hazina wetu akaandika kwa grupu: "Oto ndiyo imeshinda, si wewe. Hiyo doo irudishiwe watu."

Kwa wale hawachezi: unachagua wachezaji halisi wa NBA unaunda timu yako, na takwimu zao za kweli, yaani pointi, ribaundi, asisti, zinahesabiwa kuwa zako. Lakini kwa ligi kama yetu lazima upange kikosi kila siku. Mchezaji akibaki benchi yako, hata afunge pointi 50, hupati kitu. Oto ni kitufe tu. Ukikibonyeza, programu inaingiza wale wako na mechi siku hiyo na kuwaacha nje wale wameandikwa ni wagonjwa.

Nilibonyeza hicho kitufe karibu msimu mzima. Sikatai. Niliacha kampo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikapata kazi ya usiku kwa kiwanda cha mikate. Huko simu zinaachwa kwa geti. Sasa piga hesabu. Kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Machi, mechi ya saa moja jioni New York ni saa tisa usiku Nairobi. Ile ya saa moja unusu jioni Los Angeles, huku ni saa kumi na mbili unusu asubuhi. Wakati makocha wanatangaza nani anaanza, mimi niko kwa tanuri.

Ile meseji iliniuma hadi nikaanza kusoma huu mchezo ulitoka wapi. Na nikagundua kitu. Bishano letu ni la zamani kuliko sisi.

Mwaka 1962 jamaa anaitwa Bill Winkenbach, mmoja wa wenye hisa za timu ya Oakland Raiders, alikaa na wenzake hotelini New York wakatunga ligi ya kubuni ya kandanda ya Kimarekani. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake wakaanzisha yao ya besiboli, wakaipa jina la mkahawa wa New York walikokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Kila mmoja alikuwa na bajeti ya kununua wachezaji kwa mnada. Baada ya hapo kazi ilikuwa ni gazeti na kalamu: soma matokeo, jumlisha, gawanya, andika msimamo. Kumaliza wiki moja tu ya hesabu kulihitaji mtu mwenye moyo.

Halafu intaneti ikafika. Yahoo ilipoanza kutoa fantasi ya bure mwaka 1999, hesabu yote ikawa ni ya kompyuta. Mimi na wewe hatujawahi kujumlisha ribaundi hata moja kwa mkono. Na hakuna mtu kwa grupu yetu amewahi kusema kompyuta ndiyo imeshinda.

Mweka hazina atasema, na hapa ako na pointi, kuhesabu si kuchagua. Kompyuta ya 1999 ilijumlisha tu. Oto inaamua nani acheze. Hiyo ni kazi ya kocha, na wenzangu walikuwa wanaamka saa tisa usiku kuifanya. Walilipa na usingizi wao. Siwezi dharau hiyo.

Lakini angalia basketi yenyewe ilivyobadilika. Kila timu ya NBA inacheza mechi 82, mara nyingi tatu au nne kwa wiki, na makocha walianza kupumzisha mastaa hata kama si wagonjwa. Tarehe 29 Novemba 2012, Gregg Popovich wa San Antonio Spurs aliwarudisha nyumbani Tim Duncan, Tony Parker, Manu Ginobili na Danny Green kabla ya mechi ya Miami iliyokuwa inaonyeshwa kwa TV nchi nzima. NBA ikaipiga Spurs faini ya dola 250,000. Tabia haikuisha. Kuanzia msimu wa 2023-24, ligi iliweka sheria kwamba mchezaji lazima afikishe angalau mechi 65 ndio afikiriwe kwa tuzo kubwa kama MVP. Yaani hata wenyewe NBA wanahangaika kujua leo nani atacheza. Sasa mimi wa Nairobi, simu iko kwa geti, nitajuaje?

Na msidhani oto inajua. Usiku mmoja iliniwekea mkongwe fulani juu timu yake ilikuwa na mechi. Habari kwamba anapumzishwa ilitoka dakika chache kabla ya mpira kurushwa. Nilitoka kazini asubuhi nikapata sufuri. Hiyo wiki nilipoteza kwa ribaundi mbili. Mwenye aliamka alimtoa wake mapema, akapona. Kwa hivyo kuamka bado kulikuwa na faida. Oto haikunipa kitu wenzangu walikosa. Ilinizuia tu nisiachwe kabisa.

Nilirudi nikapitia msimu wangu wote. Mambo matatu ndiyo yalinipa ushindi. Kwa drafti nilichukua senta ambaye wote mlimcheka. Januari nilimwokota kijana wa benchi kabla aanze kupewa dakika nyingi. Na Februari nilimwachilia staa wangu mkubwa, nikapata wachezaji wawili wa kawaida wenye hawakosi mechi. Hakuna kitufe cha hizo. Nilizifanya mchana, nikiwa na usingizi, badala ya kulala.

Tulipiga kura. Mimi sikupiga. Sita walisema nilipwe, watatu wakakataa. Pesa ilikuja usiku huo huo, mweka hazina alituma bila neno, halafu akatoka kwa grupu. Na huyo ndiye alinifunza huu mchezo, kwa kitanda chake cha hosteli, mimi nikiwa hata sijui maana ya asisti. Nilipotoka kampo, ligi ndiyo ilikuwa imebaki kutuunganisha na wao. Kila asubuhi nikichukua simu kwa geti, ningepata wameshaanza kubishana, na nilikuwa bado mmoja wao. Bila oto ningekuwa nimetoka kwa ligi kufikia Desemba, na sidhani kuna mtu angenitafuta.

Kwa hivyo msimu huu nimependekeza sheria mbili. Oto iruhusiwe kwa kila mtu. Na mwenye atapitisha wiki mbili bila kuokota, kuachilia au kubadilishana mchezaji, asiguse pesa. Hiyo inakulinda wewe mwenye unaamka, na inanilinda mimi wa shifti ya usiku.

Buda, najua unasoma hizi posti zangu hata kama huko kwa grupu. Drafti ni Oktoba. Nafasi yako hatujampa mtu, na uhazina pia bado ni wako.