Kiitikio Kisicho na Beti: Muundo wa "Around the World" wa Daft Punk

Wimbo "Around the World", uliotolewa mwaka 1997 kama singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake ili usikike nje ya albamu, ni kazi ya Daft Punk, lililokuwa kundi la vijana wawili wa Paris, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo. Maneno yake ni matatu tu, nayo ndiyo jina lake. Katika albamu ya Homework, ambamo wimbo huo una dakika 7 na sekunde 9, maneno hayo hurudiwa mara 144. Katika toleo fupi lililokatwa kwa ajili ya redio, hurudiwa mara 80. Hesabu hiyo imekuwa kichekesho kwa wengi, na kwa wasioupenda muziki wa klabu imekuwa ushahidi kwamba muziki unaotengenezwa kwa mashine hauna la kusema. Makala hii inashikilia kwamba hukumu ya namna hiyo hutokana na kuupima wimbo kwa mizani isiyo yake, kwa sababu kinachorudiwa mara 144 ni kiitikio, na beti zinazodhaniwa hazipo zimo ndani ya wimbo, ila zimehamishwa kutoka kinywani mwa mwimbaji na kukabidhiwa ala.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili anazo tayari istilahi za kulieleza jambo hili. Katika shairi la kimapokeo kibwagizo ni mshororo wa mwisho unaorudi bila kubadilika katika kila ubeti, na uzito wake hautokani na maneno yake pekee bali na yale yaliyotangulia kusemwa, kiasi kwamba kibwagizo kilekile, kikija baada ya ubeti wa tano, humgusa msikilizaji kwa namna ambayo hakikumgusa baada ya ubeti wa kwanza. Katika ngoma vilevile, waitikiaji hushikilia neno moja usiku kucha, na hakuna anayewalaumu kwa uhaba wa maneno, maana kila mtu anajua kwamba mabadiliko yapo kwa kiongozi wa wimbo na kwa wapigaji. Swali linaloulizwa na "Around the World" ni la kiufundi zaidi kuliko linavyoonekana: kiongozi akinyamaza na waitikiaji wakaachwa peke yao, ni nani atakayebeba mwendo wa wimbo?

Jibu linaanza kusikika hata kabla ya sauti ya mtu. Wimbo hufunguliwa ukiwa umepitishwa kwenye kichujio, yaani kifaa kinachozuia sauti nyembamba na kuruhusu zile nene tu, hivyo msikilizaji huupokea kama muziki unaopigwa chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa; kisha kichujio hulegezwa polepole, na mlango ni kama unafunguliwa. Mwendo ni wa takriban mapigo 121 kwa dakika, na ngoma nzito huanguka kwenye kila pigo bila kuruka hata moja, jambo ambalo ndilo alama ya muziki wa hausi, ule uliozaliwa katika klabu za Chicago miaka ya 1980. Juu ya msingi huo huja besi, ambayo hapa haikai chini kama kawaida ya besi bali hupanda na kushuka kama mtu anayesimulia, na baada ya kuzoeleka hubadilisha mkondo wake, ikaenda kwa mtindo mwingine, kisha mwingine tena. Huo ndio ubeti. Sauti inayoimba, iliyopitishwa kwenye chombo cha kielektroniki hata isijulikane kama ni ya mtu au ya kinanda, hubaki palepale. Lakini besi inapoondolewa kwa muda maneno yaleyale husikika yakiwa yamevuliwa nguo, na inaporudi yanakuwa na ardhi ya kukanyaga. Mtunzi hakubadilisha neno hata moja, bali alibadilisha kilicho chini ya neno.

Uchambuzi bora kabisa wa muundo huu haukuandikwa na mhakiki, bali ulipigwa picha. Video ya wimbo huo iliongozwa na Mfaransa Michel Gondry, na miondoko yake ikapangwa na Blanca Li, mcheza dansi mzaliwa wa Granada, Hispania. Jukwaa lao ni duara linalofanana na santuri, na juu yake kuna makundi matano ya wachezaji wanne wanne, kila kundi likiwa limepewa ala yake: roboti huzunguka duara na kuwakilisha sauti inayoimba, wanariadha warefu wenye vichwa vidogo vya bandia hupanda na kushuka ngazi kila besi inapopanda na kushuka, wanawake waliovaa kama waogeleaji hupanda ngazi nyingine pamoja na kinanda, mifupa mitupu ya binadamu hucheza katikati kwa kufuata gitaa, na maiti zilizofungwa sanda za Kimisri hufuata mashine ya ngoma. Gondry alichoshwa na video za wakati wake ambazo zilimkatakata mchezaji vipande vipande, mguu hapa na uso pale, na alitaka dansi ionekane nzima, kuanzia kichwani hadi miguuni. Matokeo yake ni kwamba asiyejua kutenganisha ala kwa sikio anaweza kuzitenganisha kwa jicho. Akiwatazama wanariadha peke yao kwa dakika moja, ataona kwamba hawatulii, ilhali roboti hawana kazi nyingine ila kuzunguka. Kinachosemwa na miguu hiyo ni kwamba maneno ni mhimili na besi ndiyo safari.

Besi yenye kusimulia haikuanzia Paris. Baba yake Bangalter, Daniel Vangarde, alikuwa mtunzi na mtayarishaji wa nyimbo za disko, miongoni mwao "D.I.S.C.O." ya kundi la Ottawan, kwa hiyo disko ilikuwa muziki wa nyumbani kwa maana halisi. Wahakiki wameisikia katika "Around the World" mbinu ya Chic, kundi la Wamarekani Weusi ambamo besi ya Bernard Edwards ilikuwa na usemi sawa na wa mwimbaji. Deni hilo halikufichwa: Homework ina wimbo mwingine, "Teachers", ambao kazi yake ni kuwataja waliowafundisha wawili hao, na miaka 16 baadaye, katika "Get Lucky", walimwita Nile Rodgers wa Chic mwenyewe apige gitaa.

Anaweza kutokea wa kusema kwamba huku ni kukipa chombo cha kuchezea heshima isiyostahili, kwamba wimbo ulitengenezwa ili DJ auunganishe na mwingine na watu waendelee kucheza. Ni kweli kwamba ulitengenezwa kwa ajili hiyo, lakini kazi ya kitu haikiondolei muundo, na toleo la redio linathibitisha. Lina marudio machache zaidi, 80 badala ya 144, na bado ndilo linalochosha haraka zaidi, kwa kuwa mkasi ulipokata muda ulikata hasa nafasi ambamo ala huingia, hutoka na kubadilishana zamu. Waliokata walidhani wanapunguza kiitikio, kumbe walikuwa wanapunguza beti.

Mwaka 2007, katika onyesho lao la Bercy, Paris, lililorekodiwa na kutolewa kama albamu ya Alive 2007, Daft Punk walikichukua kiitikio hicho na kukiweka pamoja na "Harder, Better, Faster, Stronger", wimbo wao wa mwaka 2001 ambao maneno yake humiminika kwa kasi na kukatwakatwa hadi yanakuwa mapigo. Nyimbo mbili zilizotungwa kwa nyakati tofauti ziliingiliana kama vile zilikuwa zikisubiriana, kwani mmoja ulikuwa na maneno ya kutosha na mwingine ulikuwa na pa kurudia. Rekodi hiyo ilitolewa kama singo, na mwaka 2009 ikapata tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya dansi, miaka 12 baada ya kiitikio kuanza kuzunguka peke yake.