Mbu Aliyeomba Radhi

Katika filamu moja ya India iliyotoka Oktoba 2010, roboti anakwenda penye uchafu kumtafuta mbu. Mbu huyo amemuuma msichana, na roboti, ambaye ameshampenda msichana mwenyewe, hana habari ya dawa wala chandarua: anataka mkosaji aje aombe radhi. Anawakuta mbu wamejaa tele wakizungumza mambo yao, anawasemesha kwa lugha yao, anawatisha, kisha anarudi na mhalifu. Mbu anaomba msamaha. Kwa watazamaji waliolelewa penye malaria, kumwona mbu akijieleza mbele ya aliyemuuma ni furaha ya aina yake.

Kwa Kitamil filamu inaitwa Enthiran. Nakala ya Kihindi iliitwa Robot, na ndilo jina lililofika kwetu. Iliongozwa na S. Shankar. Rajinikanth anaigiza nafasi mbili, mwanasayansi Vaseegaran na roboti wake Chitti, aliyeundwa kwa sura ya bwana wake. Aishwarya Rai ni Sana, mchumba wa mwanasayansi. Chitti ametengenezwa ili alitumikie jeshi. Wataalamu wanamkataa kwa kuwa hana hisia, mwanasayansi anamfundisha hisia, na hisia inayomkamata kwa nguvu zote ni mapenzi. Anayempenda ni mchumba wa bwana wake. Ni sayansi, ni mapenzi, ni kichekesho, na yote matatu yamechanganywa bila woga.

Niliiona mara ya kwanza katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ndani ya banda la video. Kuta zilikuwa za mabanzi, na nyufa zake zimezibwa kwa turubai na blanketi ili mwanga wa mchana usiingie. Mlangoni palikuwa na ubao mweusi wenye majina ya muvi za siku hiyo kwa chaki. Ndani, mabenchi, joto, na TV ya chogo iliyopandishwa juu ya meza ili hata wa nyuma waione. Nje, jenereta. Na juu ya sauti ya Rajinikanth ilikaa sauti ya mtu mwingine kabisa, mtafsiri wa Kiswahili, aliyekuwa roboti, msichana, mwanasayansi na mbu, wote kwa koo moja.

Hivi karibuni nimeitazama tena nyumbani Mbarara, safari hii katika nakala kamili yenye sauti za wenyewe na maandishi chini. Inakaribia saa tatu. Nilipomaliza nilikuwa na hakika ya jambo moja: tuliyoiona bandani ilikuwa kazi nyingine, yenye mwandishi mwingine. Kazi hiyo inastahili historia yake na inastahili kutunzwa, na hadi leo karibu hakuna anayeitunza.

Kazi ya mtafsiri ni kongwe kuliko video. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Waliokuwa wakiuendesha walipiga filamu za kufundisha kilimo na afya, wakarekodi maelezo kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili, kisha lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mradi ulikufa mwaka 1937. Magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yaliyokuja baadaye yalitembea na mkalimani mwenye maikrofoni, na watu walimsikiliza yeye kama walivyoitazama picha. Upande wa Kongo, miaka ya 1950, padri Mbelgiji Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba wake, vilivyooneshwa kwa wanakijiji usiku. Babu wa mkimbizi Mkongo aliyeko Nakivale leo huenda alijifunza kutazama sinema hivyohivyo, picha ikiwa mbele na msemaji akiwa pembeni.

Uganda ilipoingia miaka ya 1970, sinema ya mjini ilikuwa na wenyewe. Kumbi nyingi zilikuwa mikononi mwa Wahindi, na Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972 biashara hiyo ilivunjika mgongo. Mbarara ilipata pigo la ziada. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliutwaa mji katika vita vya Kagera, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa. Watu waliorudi kuujenga hawakuwa na haja kubwa ya ukumbi wa sinema wenye viti vya kukunja. Kilichowafaa kilikuja miaka ya 1980 ndani ya boksi moja: deki, kanda na TV. Mtu mmoja aliyeweza kununua vitu hivyo aliweza kufungua ukumbi katika stoo, gereji au uwanja wa nyumba yake.

Kanda zilizungumza Kiingereza, Kihindi na Kichina. Waliolipa kiingilio walizungumza Kiganda, Kinyankole, Kinyarwanda, Kiswahili. Katika pengo hilo aliingia VJ, yaani mtafsiri wa video. Kufikia miaka ya 1990, Kampala ilikuwa na watu waliojulikana kwa kazi hiyo tu, na baadaye majina kama VJ Jingo, VJ Junior na VJ Emmie yakawa makubwa kuliko ya baadhi ya waigizaji wenyewe. Mtu hakuuliza steringi ni nani. Aliuliza nani ametafsiri.

Tanzania nayo ilikuwa na wake. Kapteni Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliifanya sauti yake kuwa sababu ya watu kujaza mabanda ya Dar es Salaam, yale ambayo siku hizi wenyewe huyaita vibanda umiza. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliandika juu ya kazi hiyo mwaka 2010, na katika kichwa cha makala yake aliifananisha na kuugeuza wali kuwa pilau. Wali umo, lakini harufu, rangi na ladha vimetoka kwa mpishi.

Namna ya kupika ni hii. Waigizaji wakiongea, mtafsiri anashusha sauti yao na kuingia yeye. Ngumi zikianza, anaiachia sauti ya filamu ijae. Nyimbo za Kihindi, ambazo kwa mtunzi ndizo moyo wa filamu, mara nyingi zinakatwa au anazitumia kueleza yaliyopita na kuonya juu ya yanayokuja. Haoni haya kumwita adui kwa jina la mtaani, wala kuhamisha mji mzima. Katika nakala niliyoiona Nakivale, mbu walipokutana, mtafsiri alikifanya kikao chao kuwa kama baraza la kijiji: palikuwa na mwenyekiti, palikuwa na mlalamikaji, na mbu aliyeitwa mbele alijitetea kwamba alikuwa na njaa. Katika filamu yenyewe mazungumzo hayo yapo, lakini ni mafupi na ya haraka. Nasema bila kusita kwamba ya mtafsiri yalikuwa bora.

Robot haikuwa ya kwanza ya aina yake kupita huku. Mwaka 1987, zama za kanda, ilitoka Mr. India ya Shekhar Kapur. Anil Kapoor ni kijana masikini anayelea mayatima, na anairithi kutoka kwa baba yake mwanasayansi saa ya mkononi inayomfanya asionekane, isipokuwa kwenye mwanga mwekundu. Sridevi, mwandishi wa gazeti, anampenda mtu asiyemwona. Adui, Amrish Puri, anaitwa Mogambo. Kwa mtu wa Isingiro, wilaya iliyo na Nakivale, jina hilo lina historia nyingine: Mogambo ni filamu ya Hollywood ya mwaka 1953, ya Clark Gable na Ava Gardner, ambayo sehemu ya picha zake zilipigwa kwenye mto Kagera, mto uleule unaotenganisha Isingiro na Tanzania. Filamu za mbali zimekuwa zikija na kuondoka hapa kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Nakivale yenyewe ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Kwa miongo kadhaa ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Mbarara, mpaka Isingiro ilipopewa wilaya yake miaka ya 2000. Vita vya Kongo vikaleta watu, Somalia ikaleta watu, Burundi baada ya 2015 ikaleta wengine. Leo wanaishi humo zaidi ya watu laki moja. Katika soko la Base Camp, humohumo Nakivale, Mkongo, Mrundi na Msomali wakitaka kuelewana juu ya bei, lugha iliyo karibu zaidi ni Kiswahili. Uganda imekuwa na mashaka ya muda mrefu na lugha hii kwa sababu ya kumbukumbu za wanajeshi walioizungumza, ingawa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Nakivale haikungoja katiba.

Ndiyo maana tafsiri ya Kiswahili ilikuwa na kazi kubwa zaidi hapo kuliko mjini. Mbarara, diski yenye sauti ya Kiganda ilimtosha karibu kila mteja. Kambini, mtoto aliyetoka Kivu juzi hakukijua Kiganda, na wa Bujumbura naye hivyohivyo. Diski za Kiswahili zilipofika, waliokaa benchi moja walicheka kwa wakati mmoja. Nimekaa katika kicheko hicho, na sijaona mkutano wowote wa hadhara uliowaunganisha watu wale namna ile.

Sasa nirudi kwenye nakala kamili, kwa kuwa haki ni haki: mtafsiri alitupa, na mtafsiri alitunyima. Upo wimbo mzima katika Enthiran unaoitwa Kilimanjaro. Rajinikanth na Aishwarya Rai wanaucheza kwenye magofu ya Machu Picchu, Peru, wakilitaja jina la mlima wetu, na muziki ni wa A. R. Rahman. Nakala ya bandani iliukata. Tulitazama filamu yenye jina la Kilimanjaro ndani yake bila kujua kuwa limo.

Ilikata pia mwisho. Bandani, mapigano yalipokwisha, maroboti yaliyojipanga kuwa mpira, nyoka na jitu yalipoanguka, hadithi nayo ikaisha na watu wakatoka. Katika filamu yenyewe kesi inafika mahakamani, na mahakama inaamuru Chitti avunjwe. Anajivunja mwenyewe, kiungo baada ya kiungo, huku akiwaaga watu wake. Kisha tunapelekwa mwaka 2030, kwenye jumba la makumbusho, ambako mtoto wa shule anauliza kwa nini roboti huyu aliondolewa kazini. Kichwa kinamjibu kwamba alianza kufikiri. Miaka hii ambayo kila simu inazungumzia akili mnemba, jibu hilo limenikaa kifuani kuliko vita vyote vilivyolitangulia. Banda lilikuwa na haki ya kulisikia.

Kwa hiyo nataka zote mbili zibaki. Ya Shankar haina shida, kampuni zinaitunza. Ya mtafsiri ndiyo inayokwenda. Sauti yake imechomwa pamoja na picha kwenye diski moja, haina nakala ya pembeni, na diski ikikwaruzwa imekufa nayo. Kanda za miaka ya 1990 zilifutwa kwa kurekodiwa vitu vingine juu yake. Sasa mteja anapeleka flashi au memori kadi dukani Mbarara, anajaziwa muvi kwa shilingi chache, na wiki ijayo anazifuta apate nafasi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 haimpi mtafsiri asiye na kibali mahali pa kusimama, na kwa hiyo maktaba nazo zinaogopa kumgusa. Naielewa sheria. Lakini kuhifadhi kwa ajili ya utafiti si kuuza, na Mbarara ina chuo kikuu chenye wanafunzi wanaoweza kuifanya kazi hiyo.

Mifano ya kumtunza msimulizi ipo. Japani, wasimulizi wa filamu za kimya waitwao benshi bado wanapanda jukwaani. Tamasha la filamu la Amakula, lililoanza Kampala mwaka 2004, liliwapa maVJ mashindano yao mbele ya hadhira. Na Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, ilienea ikiwa na sauti ya VJ Emmie, na leo watazamaji wa Marekani na Ulaya hawaijui filamu hiyo bila sauti yake.

Na filamu za kumpa mtafsiri kazi bado zinakuja. Mwaka 2021 ilitoka Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda pamoja na wasanii kutoka Burundi. Inahusu wachimbaji wa koltani, wadukuzi wa kompyuta, na mapenzi kati ya Neptune na Matalusa. Mavazi yake yana vipande vya kompyuta zilizotupwa. Humo wanasema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, yaani karibu soko zima la Base Camp. Mtafsiri wa Nakivale angekuwa na kidogo cha kutafsiri na mengi ya kuongezea. Nimeiulizia katika duka la muvi Mbarara. Kijana wa dukani alikuwa hajaisikia, akanitajisha jina mara mbili akiliandika kwenye daftari la oda, kisha akauliza kama nataka ya kawaida au iliyotafsiriwa.