Karatasi za Mwigizaji

Mwaka 1950 waigizaji wawili Weusi kutoka Marekani, Canada Lee na Sidney Poitier, waliwasili Afrika Kusini kucheza filamu ya Cry, the Beloved Country, iliyotokana na riwaya ya Alan Paton. Serikali ya ubaguzi ilikuwa madarakani kwa miaka miwili hivi tu, na katika makaratasi yake hapakuwa na mahali pa mtu mweusi anayeingia nchini ili aigize. Mwongozaji wa filamu hiyo, Zoltan Korda, akapata upenyo: akawaandikisha kuwa vibarua wake, watu waliofungwa kwake kwa mkataba wa kazi. Lee alikuwa amekwisha kucheza nafasi kuu ya mchezo mzima Broadway chini ya mwongozaji Orson Welles. Kwa afisa wa uhamiaji alikuwa kibarua wa Korda, basi.

Nafundisha uigizaji Dar es Salaam, na wanafunzi wangu wengi wana hamu ya kutoka. Wakiniuliza kuhusu viza, nawasimulia kisa hiki kabla ya kugusa fomu yoyote. Nataka waelewe kwamba kinachowasumbua leo kina historia. Kazi yetu haijawahi kuaminiwa na karatasi mpaka mtu mwingine asimame nyuma ya mwigizaji na kusema, huyu ni wangu.

Karatasi hazikuwa kikwazo tangu mwanzo. Ira Aldridge, mwigizaji Mweusi wa New York, alivuka bahari mwaka 1824 kwenda Uingereza kwa sababu kwao hakukuwa na jukwaa kubwa ambalo lingempokea. Alicheza Othello, akazunguka Ulaya hadi Urusi, akafariki mwaka 1867 akiwa safarini kikazi huko Łódź. Shida zake zilikuwa na wahakiki wa magazeti, na hazikuwa chache. Viza kama tunayoijua ilienea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na karatasi zikazidi kukaza miongo iliyofuata.

Mwaka wa kuutazama kwa makini ni 1952. Mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya uhamiaji ambayo kifungu chake kimoja bado kinawatoa watu jasho: kila anayeomba kwenda kutembea huchukuliwa kuwa anataka kuhamia, hadi yeye mwenyewe amshawishi afisa kwamba atarudi kwao. Septemba ya mwaka huohuo Charlie Chaplin alipanda meli kwenda London kuzindua filamu yake. Alikuwa bado raia wa Uingereza, ingawa umaarufu wake wote aliujenga Marekani. Akiwa baharini, kibali chake cha kurejea kikafutwa. Hakukanyaga Marekani tena mpaka 1972, alipoitwa kupokea tuzo ya heshima ya Oscar.

Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji Mweusi wa Marekani, yeye alizuiwa kutoka. Huyu ndiye aliyejifunza Kiswahili London miaka ya 1930, na aliyecheza nafasi kuu katika filamu ya Sanders of the River ya 1935, ambamo Jomo Kenyatta alionekana miongoni mwa waigizaji wa umati. Pasipoti ya Robeson ilizuiwa mwaka 1950 kwa sababu ya siasa zake. Mei 1952, alipokatazwa kuvuka hata kuingia Kanada, alisimama juu ya lori mpakani, upande wa Marekani, akawaimbia maelfu ya watu waliokusanyika pande zote mbili. Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958. Mwaka uliofuata akacheza Othello Stratford-upon-Avon. Miaka minane ya mwigizaji wa kiwango kile ilikuwa imekwenda.

Afrika Kusini nayo ilipitisha sheria ya pasi mwaka huo wa 1952. Jina la sheria lilidai kwamba inafuta pasi. Kilichofuata ni kitabu ambacho mwanamume Mweusi wa kuanzia miaka 16 alipaswa kutembea nacho kila aendako, chenye picha yake na mahali pa mwajiri kutia sahihi kila mwezi. Wazee wetu wa Kenya waliovaa shingoni kipande, kitambulisho cha kazi cha wakati wa ukoloni, wangekitambua papo hapo.

Ndani ya kitabu hicho ndimo walimokwama John Kani na Winston Ntshona wa New Brighton, Port Elizabeth. Walikuwa wameamua kuishi kwa uigizaji, lakini kwa sheria hiyo mwigizaji Mweusi hakuwa mfanyakazi, na asiye na mwajiri angeweza kufukuzwa mjini. Mwandishi Athol Fugard, rafiki na mshirika wao, akawaandikisha kuwa watumishi wake wa nyumbani. Fugard mwenyewe alikuwa ametoka kurudishiwa pasipoti mwaka 1971, baada ya kunyimwa kwa miaka minne.

Mwaka 1972 watatu hao walitunga Sizwe Banzi Is Dead. Katika mchezo huo mtu aitwaye Sizwe Banzi hana kibali cha kukaa Port Elizabeth. Usiku mmoja yeye na rafiki yake wanakuta maiti njiani, na mfukoni mwa maiti mna kitabu halali cha pasi. Rafiki huyo anabandua picha na kuzibadilisha. Kuanzia hapo Sizwe Banzi ni marehemu, naye anaishi kwa jina la mwingine. Mchezo ukaenda London, kisha New York, na mwaka 1975 Kani na Ntshona wakatunukiwa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora. Watumishi wawili wa nyumbani! Mwaka uliofuata walikamatwa Transkei, Afrika Kusini, baada ya kuuonyesha mchezo huohuo, na ilibidi waigizaji wenzao London na New York wapige kelele ndipo waachiwe.

Sasa nirudi kwetu. Kijana wangu mmoja aliitwa Ulaya kwenye usaili. Barua ya mwaliko alikuwa nayo, nauli imelipwa. Dirishani akaombwa barua ya mwajiri, hati ya mshahara na taarifa ya benki ya miezi sita. Mwajiri hana, ana watayarishaji, leo huyu, kesho yule. Taarifa yake ilionyesha fedha zilizoingia wiki mbili za kurekodi tamthilia, kisha miezi mitatu mitupu, kisha malipo ya kusherehesha harusi. Mimi nikiisoma naona mwaka mzuri wa mwigizaji wa Dar. Afisa aliona mtu asiye na kazi. Akanyimwa.

Marekani ilijaribu kuliona tatizo hili. Sheria ya 1990 iliweka viza maalumu za wasanii, O na P. Lakini mwigizaji hawezi kujiombea: lazima mwajiri au wakala aliyeko Marekani amwombee, na kwa filamu na televisheni chama cha wafanyakazi na chombo cha waajiri vitoe maoni. Korda na Fugard bado wanahitajika, ila siku hizi wanajaza fomu.

Halafu kuna vielelezo: mikataba, matangazo, uhakiki uliochapishwa, ushahidi wa nafasi kuu alizocheza mtu. Hapo ndipo lawama inapotugeukia wenyewe. Tunakubaliana kazi kwa simu. Bango la onyesho linabanduliwa kesho yake na kutupwa. Magazeti yetu yanajua mwigizaji nani kaachana na nani, lakini ni nadra kuandika kwamba alicheza vizuri. Kijana anaweza kucheza miaka kumi akashangiliwa, asiwe na ukurasa mmoja wa kuonyesha.

Sheria za mataifa ya watu hatuziandiki sisi. Mikataba yetu tunaiandika sisi. Mtayarishaji anayemlipa mwigizaji bila karatasi, hata kwa siku moja ya kurekodi, anamfungia mlango ambao yeye mwenyewe hauoni, na mhariri anayekataa uhakiki wa onyesho anasaidia kuusukuma.